Hukumu ya Belfast inanisaidia nikiwa Leicester? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kesi za benefiti kati ya England, Uskoti na Ireland Kaskazini

Maswali haya yametoka kwa watu ninaowasindikiza kwenye rufaa za benefiti (posho za serikali) huku Uingereza: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wabarawa, watu wa kila namna. Karibu kila mtu anakuja na kesi aliyoipata kwenye simu yake, amefurahi kweli, anasema hii hapa imefanana na yangu. Wakati mwingine anayo silaha ya uhakika mkononi, na wakati mwingine kesi yenyewe imetoka kwenye mfumo mwingine kabisa na hajui. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale yanayoumiza kichwa, na palipo na jambo nilishalieleza nitakurudisha kwenye namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Uingereza si nchi moja? Mbona mnasema mifumo mitatu ya benefiti?

Kwa pasipoti ni nchi moja, lakini kwa benefiti ni nyumba tatu. Ya kwanza ni Britania, yani England, Wales na Uskoti kwa yale mambo ambayo bado yako chini ya DWP (wizara ya kazi na pensheni ya London), kama Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo) na pensheni ya serikali. Ya pili ni Ireland Kaskazini, ambako benefiti zinasimamiwa na Department for Communities ya Belfast na wana sheria zao wenyewe. Hata ukikuta zimenakiliwa neno kwa neno kutoka London bado ni sheria nyingine, ina jina lake na namba yake. Mfano mzuri ni sheria kubwa ya michango na mafao ya 1992, zipo mbili za mwaka huohuo, moja ya Britania na nyingine ya Ireland Kaskazini.

Ya tatu ni changa kuliko zote, Uskoti yenyewe. Baada ya Scotland Act 2016 walipewa benefiti kadhaa waziendeshe wenyewe, wakatunga sheria yao 2018 na wakaanzisha Social Security Scotland, wakala wao wa benefiti. Ndo maana mtu wa Glasgow anaweza kupata Universal Credit kutoka DWP na Adult Disability Payment (posho ya ulemavu kwa watu wazima) kutoka Social Security Scotland mwezi huohuo, yani mtu mmoja mguu mmoja uko nyumba hii na mguu mwingine nyumba ile. Hapo ndo watu wanapopotea.

2. Hukumu inayofunga na hukumu inayoshawishi, tofauti yake nini?

Inayofunga maana yake baraza linalosikiliza kesi yako halina hiari, likubali lisikubali lazima liifuate, na lisipoifuata limekosea kisheria na wewe una sababu ya kukata rufaa. Inayoshawishi ni kama neno la mzee wa mtaa wa pili: ana hekima, amepitia jambo kama lako, watu wanamsikiliza na mara nyingi wanamfuata, lakini kwenye mtaa wenu hana amri. Jaji akiamua kutoifuata anatakiwa tu aeleze vizuri kwa nini.

Ila usichukulie kwamba inayoshawishi ni ya kutupa. Kuna hukumu za kushawishi zina uzito mkubwa hivi kwamba ni nadra jaji kuzipita, na kuna nyingine ni nyepesi kama karatasi, kwa hiyo uzito unapimwa, na namna ya kuupima iko swali la 5.

3. Basi nani anamfunga nani?

Kwa benefiti za DWP, ngazi ya chini ni First-tier Tribunal, hili ndo baraza unaloenda kwanza, mimi nitaliita baraza la chini. Juu yake kuna Upper Tribunal, chumba chao cha rufaa za kiutawala, na kimekuwepo tangu Novemba 2008. Kikisema jambo la kisheria, mabaraza ya chini yote ya Britania yanafungwa nalo. Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa ya England na Wales, au Court of Session kama kesi ni ya Uskoti, halafu juu kabisa Supreme Court.

Ireland Kaskazini hawakuingia kwenye mfumo huo wa 2008, walibaki na wao wa zamani: baraza la rufaa, juu yake Makamishna wa Social Security, halafu Mahakama ya Rufaa ya Belfast, halafu Supreme Court. Kamishna wa Belfast na jaji wa Upper Tribunal ni kama mabinamu, cheo kinalingana, hakuna anayemwamrisha mwenzake.

Uskoti kwa benefiti zao mpya wana ngazi yao: baraza la chini la Uskoti, Upper Tribunal for Scotland, Court of Session, Supreme Court. Hilo jina linachanganya watu kila siku. Upper Tribunal for Scotland sio tawi la Upper Tribunal ya DWP hata kama hiyo ya DWP inakaa Edinburgh kusikiliza kesi, ni taasisi mbili tofauti.

Kwa hiyo ukiona mstari wa kupanda umenyooka kutoka baraza lako mpaka mahakama iliyotoa hukumu, inakufunga. Mstari ukikatika, inashawishi.

4. Nyumbani kuna kitu kama hiki, au ni mambo ya wazungu tu?

Kipo, na mtu wa Zanzibar anakielewa haraka kuliko wote. Kwa mifuko ya hifadhi ya jamii, Bara kuna NSSF na kuna PSSSF iliyozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Zanzibar kuna ZSSF, sheria yake, uongozi wake. Bara kuna Mahakama Kuu ya Tanzania, Zanzibar kuna Mahakama Kuu ya Zanzibar, na Katiba ya Muungano yenyewe inaitambua hiyo ya Zanzibar kwamba ipo na mamlaka yake. Jaji wa Zanzibar akiletewa hukumu ya Mahakama Kuu ya Dar ataisoma kwa heshima lakini haimfungi. Mahakama ya Rufani ndo inawakutanisha, maana inapokea rufaa kutoka pande zote mbili, isipokuwa mambo machache kama yale ya Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Badilisha majina tu, weka Belfast na London na Supreme Court, umeshaelewa nusu ya ukurasa huu.

## Kesi inapovuka mpaka

5. Nimepata uamuzi wa Kamishna wa Belfast, kesi yangu kabisa, lakini naishi Leicester. Naweza kuutumia?

Naam, unaweza, ila ulete kama wa kushawishi, usiseme unalifunga baraza, maana jaji atajua mara moja na ukishakosea hapo hata hoja zako nzuri zinapoteza mvuto.

Nilikaa jikoni kwa mama mmoja, mtu wa Mombasa, na faili lake lina kurasa kama sitini hivi juu ya kitambaa cha meza, chai imepoa. Mtu wa kumshauri (simtaji) alikuwa amempa uamuzi wa Belfast akamwambia "huu unamaliza kesi". Tulichofanya tulichukua karatasi tukaigawa katikati kwa kalamu, kushoto tukaandika kipengele cha kanuni ya PIP (Personal Independence Payment, posho ya ulemavu) ya Britania, kulia kipengele cha kanuni ya PIP ya Ireland Kaskazini, tukawa tunafuata neno kwa kidole. Neno kwa neno sawa. Basi hapo ndo uamuzi ule ukawa na nguvu, kwa sababu maneno ya sheria ni yaleyale, na ingekuwa ajabu maneno yaleyale yawe na maana moja Belfast na nyingine Leicester.

Kupima uzito angalia mambo haya: maneno ya sheria yamefanana kiasi gani, nani ametoa hukumu (Kamishna mmoja, majaji watatu, au Mahakama ya Rufaa), je hilo jambo ndo lilikuwa la kuamuliwa au jaji alilitaja akipita tu, je alieleza sababu au alisema kwa mstari mmoja, na je upande wako wa mpaka kuna hukumu inayofunga inayosema kinyume. Hili la mwisho ndo kali. Kama Upper Tribunal wameshasema tofauti, baraza la chini la Leicester litafuata Upper Tribunal hata kama uamuzi wa Belfast umeandikwa vizuri zaidi.

6. Mbona Belfast na London wanasikilizana hivyo wakati hakuna anayelazimishwa?

Sababu kubwa inaitwa usawa wa mifumo. Northern Ireland Act ya 1998, kifungu cha 87, kinawataka waziri wa London na waziri wa Belfast washauriane ili, kwa kadiri watakavyokubaliana, benefiti za pande mbili ziende kama mfumo mmoja. Kwa hiyo Bunge lenyewe lilitaka mtu wa Derry na mtu wa Birmingham wapate kitu kimoja. Sasa majaji wakianza kutafsiri maneno yaleyale kila mmoja kivyake, lengo hilo linavunjikia mahakamani.

Mfano upo. Carer's Allowance (posho ya anayemhudumia mgonjwa) hapewi mtu aliye kwenye masomo ya muda wote, na kukawa na ubishi mkubwa hiyo "muda wote" inahesabiwaje, kwa masaa anayosoma mtu kweli au kwa jinsi chuo kinavyoiita kozi. Belfast walishaamua kesi ya Wright-Turner. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya England ikapata kesi ya Deane juu ya swali hilohilo, na hawakujifanya Belfast haipo, waliisoma hukumu ile na kuipa uzito. Na upande wa pili ni hivohivo, ukifungua maamuzi ya Makamishna wa Belfast utaona Upper Tribunal inatajwa ukurasa baada ya ukurasa.

Mimi naona hii ni haki ya msingi. Mtu mgonjwa asipoteze pesa yake ya mwezi kwa sababu tu bahari ya Ireland imepita katikati.

7. Nitajuaje hukumu imetoka wapi? Mimi naona herufi na namba tu

Herufi zenyewe ndo anwani. UKUT na mwishoni AAC: Upper Tribunal ya benefiti za DWP. NICom: Kamishna wa Ireland Kaskazini. NICA: Mahakama ya Rufaa ya Belfast. EWCA Civ: Mahakama ya Rufaa ya England na Wales. CSIH: Court of Session, majaji wa juu wa Uskoti. UKSC: Supreme Court. Ukiona mwaka halafu UT peke yake bila UK mbele, hiyo ni Upper Tribunal for Scotland, usiichanganye na UKUT.

Kwa maamuzi ya zamani, kabla ya mtindo huu, angalia mabano yamekaa wapi. Britania waliandika R, halafu jina la benefiti kwenye mabano, halafu namba na mwaka. Ireland Kaskazini waliandika R na namba na mwaka kwanza, benefiti kwenye mabano ikaja mwisho. Kitu kidogo lakini kimewahi kutuokoa kuandika barua yote juu ya kesi tuliyodhani ni ya London.

8. Nimehamia Glasgow. Adult Disability Payment si PIP tu kwa jina lingine? Kesi zangu za PIP bado zinafaa?

Zinafanana sana: shughuli za kila siku zile, pointi 8 kupata kiwango cha kawaida na 12 kupata cha juu, hata maneno mengi yamebebwa kama yalivyo. ADP ilianza kwa majaribio Machi 2022 na ikafika Uskoti yote mwisho wa Agosti mwaka huo. Lakini ni kanuni nyingine za bunge lingine, kwa hiyo hukumu za UKUT za PIP zilizokuwa zinakufunga ulipokuwa Leeds, ukifika Glasgow kwa ADP zinageuka za kushawishi. Anayelifunga baraza la chini la Uskoti ni Upper Tribunal for Scotland na walio juu yake.

Palipo na maneno sawa, kesi za PIP zinabeba uzito mzuri na majaji wa Uskoti wanazisoma. Palipobadilishwa maneno, kesi ya PIP inaweza isikusaidie kabisa, na kuna sehemu walibadilisha kwa makusudi. Mfano mkubwa ni mgonjwa aliye mwisho wa maisha. DWP wanaangalia kama inategemewa mtu atafariki ndani ya miezi 12, zamani ilikuwa 6. Uskoti hawana hesabu ya miezi, ni daktari au nesi anayetumia utaalamu wake. Sasa mtu akileta kesi ya zamani ya kubishania miezi 6 kwenye baraza la Glasgow anazungumzia kitu ambacho kwenye sheria yao hakipo.

Usisahau ile ya swali la 1: Universal Credit yako ya Glasgow bado ni ya DWP, na kwa hiyo UKUT bado inakufunga. Mtu mmoja, wiki moja, hukumu ileile inaweza kufunga kwenye rufaa yake moja na kushawishi tu kwenye nyingine.

9. Supreme Court ikisema si imemaliza? Inafunga kila mtu?

Watu wengi wanadhani hivo, hata mimi nilidhani hivo miaka. Ukweli una kona. Sheria iliyounda Supreme Court, Constitutional Reform Act ya 2005, kifungu cha 41, inasema kazi ya mahakama hiyo haifuti tofauti za mifumo ya sheria ya sehemu za Uingereza, na rufaa ikitoka sehemu fulani basi hukumu inahesabiwa kama ya mahakama ya sehemu hiyo. Rufaa ya Uskoti, hukumu ya Uskoti. Rufaa ya Belfast, hukumu ya Ireland Kaskazini. Kesi kuhusu madaraka yaliyogatuliwa kwa Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini ndo zina kanuni yake, hizo zinafunga kote.

Chukua kesi ya MM ya Julai 2019. Ilitoka Uskoti, ilihusu PIP, shughuli namba 9, kukutana na watu ana kwa ana. Swali lilikuwa nini tofauti ya kuhimizwa tu, pointi 2, na kuhitaji msaada wa kijamii, pointi 4. Mahakama ikasema msaada wa kijamii unaweza kufanana na kuhimiza, kinachotofautisha ni kwamba lazima utoke kwa mtu aliyefundishwa au mwenye uzoefu, na huyo anaweza kuwa ndugu anayekujua vizuri. Tena sio lazima awe kando yako dakika ileile, msaada unaweza kutolewa kabla. Kwa familia zetu hii ni kubwa, maana ni dada au shangazi ndo anakaa na mtu usiku kumtuliza ili kesho aweze kwenda miadi.

Sasa kwa kalamu kali ni hukumu ya Uskoti. Lakini kanuni za PIP za Britania ni moja, hakuna baraza la England litakaloipuuza, na Ireland Kaskazini wenye maneno yaleyale kwenye kanuni zao wataipa uzito ambao kwa vitendo ni karibu sawa na kufungwa. Kwa hiyo itumie kokote. Kona hii inakuja kuuma pale tu sheria za pande mbili zinapoanza kuachana.

## Wajane, ndoa na kesi iliyovuka bahari

10. Kesi ya McLaughlin ilikuwa ya Belfast. Mbona waliofiwa wa England na Uskoti nao walilipwa?

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu inaonyesha jinsi hukumu ya nyumba moja inavyoweza kusukuma nyumba nyingine bila kuifunga.

Siobhan McLaughlin aliishi na John Adams miaka 23, wakazaa watoto wanne, hawakufunga ndoa. John akafariki Januari 2014. Akaomba posho ya mzazi mjane, akanyimwa kwa sababu hakuwa mke wa ndoa. Kesi ikapanda mpaka Supreme Court, ambayo 2018 ilikuwa imekwenda kukaa Belfast kwa mara ya kwanza, na Agosti 30 mwaka huo ikaamua kwa majaji wanne dhidi ya mmoja kwamba kifungu 39A cha sheria ya Ireland Kaskazini ya 1992 kinakiuka haki za binadamu kwa kuwafungia nje kabisa wazazi ambao hawakuoana. Hoja iliyobeba uzito ni kwamba pesa ile ni ya kulea watoto, na mtoto hajachagua kama wazazi wake waoane.

Angalia vitu viwili. Kwanza, tamko la namna hiyo haliifuti sheria, linaiambia serikali na Bunge rekebisheni. Pili, kilichotamkwa ni kifungu cha sheria ya Ireland Kaskazini. Kifungu pacha cha Britania kilibaki kimesimama, maneno yaleyale, hakuna aliyekigusa. Mjane wa Manchester aliyeomba mwezi uliofuata alinyimwa palepale na kisheria waliomnyima walikuwa wanafuata sheria iliyoandikwa.

Halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ya England kwenye kesi ya Jackson ikatoa tamko kama hilo juu ya Bereavement Support Payment (malipo ya aliyefiwa na mwenza), benefiti mpya ya Britania, na njia ilikuwa imeshachongwa na McLaughlin. Mwisho serikali ikaleta amri ya marekebisho iliyoanza Februari 9, 2023, ikafungulia milango wazazi wasio na ndoa pande zote, na ikarudi nyuma mpaka Agosti 30, 2018, tarehe ya ile hukumu ya Belfast. Miaka minne na nusu kutoka hukumu mpaka pesa, na dirisha la kuomba ya nyuma likafungwa Februari 8, 2024. Kuna watu wetu hawakusikia mpaka dirisha limefungwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

11. Sisi tulifunga nikah msikitini hapa England, hatukusajili serikalini. Mume wangu amefariki. Mimi ni mke au siyo?

Pole sana dada. Nikah iliyofungwa hapa England bila usajili kwa kawaida haihesabiwi ndoa mbele ya sheria ya England, hata kama mbele ya Mungu na jamii ni ndoa kamili. Lakini kama mlikuwa mnaishi pamoja na mna watoto wanaotegemea, baada ya amri ya 2023 niliyoitaja juu unaweza kuomba Bereavement Support Payment kama mliokaa pamoja. Ikikubaliwa ni kiwango cha juu, £3,500 mara ya kwanza halafu £350 kila mwezi kwa miezi 18. Wasio na ndoa ambao pia hawana watoto bado wako nje.

Kama nikah ilifungwa Zanzibar au Mombasa kwa sheria ya huko na ilikuwa halali huko, hilo ni swali lingine na mara nyingi jibu lake ni zuri zaidi, leta cheti cha huko usiogope.

Na usiombe kwa kuchelewa. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kifo ndo ya kupata pesa yote, baada ya hapo inaanza kukatika.

## Kona ngumu

12. Nina hukumu mbili zinapingana. Nafuata ipi?

Kama moja inafunga na nyingine inashawishi, usijisumbue, inayofunga inashinda. Kama zote zinafunga, mfano maamuzi mawili ya UKUT, kuna desturi ya muda mrefu: la majaji watatu linazidi la jaji mmoja, na la baadaye lililolijadili lile la mwanzo na kueleza kwa nini linatofautiana lina nguvu kuliko lile lisilojua kama mwenzake yupo. Majaji wa Upper Tribunal wenyewe kwa wenyewe hufuatana isipokuwa mmoja akiwa na hakika kabisa mwenzake amekosea.

Kama zote mbili ni za kushawishi, moja Belfast na moja Edinburgh, rudi swali la 5 upime.

13. Mfano wa uamuzi wa majaji watatu wa kubeba?

RJ na wenzake, 2017, UKUT namba 105. Swali: kufanya jambo "kwa usalama" maana yake nini? DWP walikuwa wanasema madhara lazima yawe na uwezekano wa zaidi ya nusu. Majaji wakakataa, wakasema unaangalia uwezekano wa hatari na ukubwa wa madhara kwa pamoja.

Fikiria kijana mwenye kifafa anapika ugali, sufuria limechemka, maji yanaruka. Anguko linakuja labda mara moja kwa wiki mbili na halitoi taarifa. Kwa hesabu ya zamani siku nyingi yuko sawa. Lakini hatari ipo kila siku anaposimama mbele ya jiko, na akiangukia kwenye moto ndo basi, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumwangalia kila siku. Kwa Britania hii inafunga mabaraza ya chini. Kwa Belfast na kwa ADP ya Glasgow ni ya kushawishi, lakini ina majaji watatu na sababu ndefu, ibebe.

14. Hukumu niliyoitegemea imetenguliwa. Bado naweza kuitaja?

Kwa lile jambo lililotenguliwa, hapana, hata kama ya kushawishi haifai. Mfano wake upo Belfast kwenyewe: Julai 2020 Mahakama Kuu ilisema ile kanuni ya miezi 6 kwa wagonjwa mahututi inakiuka haki, kesi ya Cox, watu wakashangilia na wengine wakaanza kuitumia England, halafu Agosti 2021 Mahakama ya Rufaa ya Belfast ikaitengua. Sheria yenyewe baadaye ilibadilishwa ikawa miezi 12, lakini ni bunge lililobadilisha. Kabla ya kuituma barua, tafuta jina la kesi tena uone kama kuna iliyokuja juu yake.

15. Rafiki yangu alishinda baraza la chini, ugonjwa wetu mmoja. Naweza kupeleka barua yake?

Uamuzi wa baraza la chini haumfungi mtu yeyote, hata baraza lenyewe kesho yake asubuhi. Hata kushawishi haushawishi. Ulizia mwenzio alitumia kesi gani ya juu, hiyo ndo yenye faida.

16. Na hukumu za Strasbourg? Na za Nairobi au Dodoma?

Strasbourg, yani Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Human Rights Act ya 1998 inasema mahakama za hapa lazima zizizingatie, kuzizingatia sio kufungwa nazo lakini ni zaidi ya kuzisoma tu. Za Afrika Mashariki kuhusu mifuko ya nyumbani hazina kazi kwenye rufaa ya PIP, sheria hazifanani hata kidogo. Zinaweza kuhitajika kuthibitisha jambo la sheria ya huko, kama uhalali wa ndoa wa swali la 11.

17. Kwenye barua ya rufaa niandikeje kesi ya nje ya mfumo wangu?

Sema ukweli mapema. Barua itakuwa ya Kiingereza lakini mtiririko ni huu: "Uamuzi huu ni wa Kamishna wa Ireland Kaskazini. Nakubali haulifungi baraza hili. Maneno ya kipengele chao na chetu ni yaleyale, nimeyaweka sambamba ukurasa wa 2. Sijaona uamuzi wa Upper Tribunal unaosema kinyume. Naomba baraza liufuate kwa sababu zilizo aya ya 14 mpaka 17." Halafu moja kwa moja eleza maisha yako yanaingiaje, unaamkaje, nani anakusaidia kuvaa, mara ngapi. Ambatanisha uamuzi wote, sio kipande, na weka alama kwenye aya unazotaka zisomwe.

Usilete kesi kumi. Mbili zilizosomwa vizuri zinatosha, na ushahidi wa daktari na wa anayekuhudumia ndo unaoshinda rufaa nyingi, kesi inakuja kuuonyesha mlango.

18. Nina muda gani?

DWP na Ireland Kaskazini: mwezi mmoja kuomba waangalie upya, halafu mwezi mmoja kukata rufaa. ADP ya Uskoti: siku 42 kuomba waamue upya, halafu siku 31 kwa rufaa. Uskoti pia wana msaada wa muda mfupi, kama walikuwa wanakulipa na wamekupunguzia au kukukatia unaweza kuomba uendelee kulipwa kiwango cha zamani wakati unapinga, na ukishindwa kwa kawaida hurudishi. DWP hawana kitu hicho kwa PIP. Kama bado unatafuta kesi na siku zinakwisha, tuma ombi kwanza na uandike kwamba hoja za kisheria zinafuata.